Nimetengana na baba watoto, nyumba bado ina majina yetu wote wawili: tuongee ukweli kuhusu Universal Credit

MamaWawili

Wadau mlioko Uingereza, naomba mnisome hadi chini. Uzi ni mrefu kwa sababu jambo lenyewe lilininyima usingizi karibu mwaka mzima, na kila wiki nasikia dada mwingine kaliingia vile vile nilivyoliingia mimi.

Mimi na baba watoto tulinunua nyumba hapa Leicester kwa mkopo wa benki, majina yetu wote wawili yako kwenye hati. Mwaka jana mwezi wa pili niliondoka. Sababu naziweka kando. Aliyewahi kutoka usiku na watoto wawili na mabegi manne ananielewa. Yeye akabaki ndani ya nyumba, mimi nikapanga sehemu ndogo karibu na shule ya wanangu. Nafanya kazi ya kutunza wazee saa 20 kwa wiki, na mshahara wote unaishia kwenye kodi. Nikaamua kuomba Universal Credit (UC), yaani fedha za kila mwezi ambazo serikali inawasaidia wenye kipato kidogo.

Nikafungua maombi kwenye simu, watoto wamelala. Nikajibu, nikajibu, mpaka nikafika pale wanapouliza kama una nyumba au ardhi ambayo huishi ndani yake. Kidole kikaganda. Mchana wa siku ile mtu wa karibu yangu, mtu mzima ninayemheshimu, alikuwa ameniambia: "Hapo weka hapana. Ukiandika nyumba watakunyima, na wanao watalala njaa." Nilikaa na lile swali dakika kama kumi. Kisha nikaweka ndiyo, nikalia, nikazima simu.

Ile ndiyo ndiyo iliyoniokoa. Nawaeleza kwa nini.

Kwenye Universal Credit, mali uliyonayo zaidi ya pauni 16,000 inakuondoa kabisa. Chini ya pauni 6,000 haiguswi. Katikati hapo wanakata pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila pauni 250, au sehemu ya 250, iliyozidi 6,000. Nyumba unayoishi haihesabiwi hata iwe ya thamani gani. Shida ni nyumba usiyoishi, na mimi tayari nilikuwa siishi pale. Watu wengi wanaishia hapo, wanakata tamaa au wanadanganya.

Lakini kanuni za mwaka 2013 zina kifungu cha watu kama sisi. Ukiacha kuishi kwenye nyumba kwa sababu umetengana na mwenza wako, sehemu yako ya nyumba hiyo haihesabiwi kwa miezi 6 tangu siku uliyotoka. Na kama aliyebaki ndani ni mzazi anayelea mtoto peke yake, bila mwenza mpya, haihesabiwi kwa muda wote atakaoendelea kuishi humo katika hali hiyo. Kwangu mimi watoto niko nao, baba yao amebaki peke yake, kwa hiyo nilikuwa na ile miezi 6 tu.

Talaka si lazima iwe imetoka. Wanachoangalia ni kwamba mmetengana kweli.

Sasa miezi 6 inapita kama upepo. Mwezi wa tano nikaanza kupiga hesabu. Nyumba ilikadiriwa pauni 210,000, deni la benki limebaki 150,000. Sehemu yangu ni nusu, yaani 105,000. Wanatoa asilimia 10 kwa ajili ya gharama za kuuza, inabaki 94,500. Wanatoa nusu ya deni, 75,000. Inabaki 19,500. Nimepita 16,000, nimetoka. Na hizo 19,500 sikuwa nazo mkononi, hata pauni moja! Ziko kwenye matofali ambayo mtu mwingine analala ndani yake, na kitasa alishakibadilisha.

Kilichonisaidia ni mama mmoja wa ushauri wa bure wa sheria, anayekaa Jumanne kwenye ukumbi wa jamii. Alinieleza kifungu cha pili: nyumba ambayo unachukua hatua za maana kuiuza au kuondokana nayo, haihesabiwi kwa miezi 6 tangu uanze hizo hatua. Na miezi hiyo 6, ya kwanza na ya pili, inaweza kuongezwa ikiwa hali yako inastahili. Akasisitiza neno moja: hatua. Kusema "nataka tuuze" mdomoni hakutoshi. Wakili akamwandikia baba watoto barua ya kutaka nyumba iuzwe au anunue sehemu yangu. Hajajibu. Barua ya pili. Hajajibu. Tukaomba usuluhishi wa familia, hakufika. Tukafungua maombi mahakamani.

Kila karatasi niliipiga picha nikaiweka kwenye jonali, ule ukurasa wako wa mawasiliano kwenye akaunti ya UC. Kila kitu kina tarehe. Miezi 6 ilipoisha nikaandika kuomba muda uongezwe kwa sababu kesi iko mahakamani na si mimi ninayechelewesha. Umeongezwa. Bado napokea.

Nimeandika haya kwa sababu kuwa na jina kwenye hati hakukufungii mlango moja kwa moja. Kunyamaza ndiko kunakufungia.

---

Kisiwani

Pole sana dada, na hongera. Mimi niko upande wa pili wa hadithi yako. Nilitoka mimi, mama watoto akabaki nyumbani Milton Keynes na watoto watatu. Nyumba ya wote wawili. Nilipoachishwa kazi nikaomba UC, nikaeleza hali, sehemu yangu haikuhesabiwa mwaka wa kwanza wote, mwaka wa pili pia. Ni hicho kifungu cha mzazi anayelea peke yake.

Niwaonye wanaume wenzangu jambo moja. Siku mama watoto akipata mwenza akahamia pale, kinga ile inaisha. Mimi nilisikia kwa mtoto, "anko amehamia". Nikaripoti wiki ile ile. Ilinikata maini kuripoti maisha ya mtu ambaye si mke wangu tena, lakini kilichobadilika kilikuwa haki yangu mimi, na wajibu wa kusema ni wangu.

---

Bint Mwembe Tanga

Asante kwa uzi. Mimi bado sijatoka. Tumeachana, kila mtu na chumba chake, hana pa kwenda na mimi sina. Nyumba ya majina mawili. Naambiwa siwezi kuomba kama mtu mmoja mpaka mmoja ahame. Ni kweli?

---

MamaWawili

Si kweli dada. Nyumba unayoishi ndani yake haihesabiwi, kwa hiyo suala la mali kwako halipo kwa sasa. Swali lako ni jingine: je, nyinyi ni mke na mume bado au ni watu wawili walio chini ya paa moja? Kama mlikuwa na dai la pamoja, ripoti kutengana mara moja, kila mtu atakuwa na dai lake.

Jiandae kuulizwa kwa undani. Analala wapi, nani anapika, nani anafua nguo za nani, fedha zinakaa wapi, majirani wanawajua vipi. Rafiki yangu aliishi hivyo miezi minane. Friji lao lilikuwa na mkanda wa karatasi umebandikwa kila rafu, juu jina lake, chini jina la mumewe, na unga wa ugali kila mtu na wake. Inauma kuishi hivyo, najua. Lakini alipoulizwa alikuwa na majibu yaliyonyooka kwa sababu ndivyo walivyoishi kweli. Usiigize. Kama bado mnakula chungu kimoja, mko pamoja machoni pa kanuni.

Na usikubali kuhama haraka kwa sababu ya maneno ya watu. Siku unayotoka ndiyo siku saa ya miezi 6 inaanza kuhesabu. Kama upo salama, tumia muda huo kupanga. Kama hupo salama, toka leo leo. Hesabu zitafuata.

---

Mtu_wa_Pwani

Nyie mnajisumbua. Hakuna anayeangalia hati. Andika hapana, kula maisha.

---

MamaWawili

Kaka yangu, kwa heshima, ushauri huu umeumiza watu ninaowajua kwa sura. Daftari la ardhi la Uingereza na Wales liko wazi. Mtu yeyote akilipa ada ndogo anaona jina la mwenye nyumba. Na mtalaka mwenye hasira ni mtu wa kwanza kupiga simu kukuripoti.

Wakigundua, unalipa yote uliyopokea bila haki, wanaikata kwenye malipo yako mwezi baada ya mwezi, na ikithibitika ulidanganya makusudi ni kesi ya jinai. Kwa mtu anayesubiri makazi ya kudumu au uraia, kesi hiyo si ya kuchezea. Sijaja hapa kuhukumu mtu aliyedanganya kwa njaa. Ila aliye na kifungu cha kumlinda halafu akaambiwa adanganye, ameonewa.

Na wapo wanaofikiri dawa ni kumwachia mwenzako sehemu yako bure, au kuihamishia kwa dada yako, ili uonekane huna kitu. Kanuni zinalijua hilo pia. Ukigawa mali kusudi upate UC, wanakuhesabia kama bado unayo. Kulipa madeni yako si kosa. Kugawa nyumba ni jambo jingine.

---

Wakala wa Haki

Nafanya kazi ya ushauri wa mafao, si wakili. Niongeze mawili ambayo watu hawaambiwi.

La kwanza: nusu ya nyumba si lazima iwe na thamani ya nusu. Hesabu ya MamaWawili ya 105,000 ni bei ya nyumba nzima kugawa kwa mbili. Lakini wanachotakiwa kupima ni bei ya sehemu *yako*, leo, sokoni. Nani atanunua nusu ya nyumba ambayo nusu nyingine anaishi mtalaka asiyetaka kuondoka? Mahakama ya Rufaa ililiona hili mwaka 1995 kwenye kesi ya Palfrey, chini ya mafao ya zamani: kama mwenzako anaishi humo na nyumba ilinunuliwa ili muishi wote, sehemu yako inaweza kuwa na bei ndogo sana. Tafuta mthamini aandike ripoti ya sehemu, si ya nyumba nzima.

Mfano kwa namba za uzi huu. Tuseme mthamini anasema sehemu hiyo ingepata 94,000. Toa asilimia 10, inabaki 84,600. Toa 75,000, inabaki 9,600. Imezidi 6,000 kwa 3,600, ambayo ni mafungu 15 ya 250, kwa maana kipande nacho kinahesabiwa fungu. Mara 4.35 ni pauni 65.25 kwa mwezi. Badala ya kukosa kila kitu, unakatwa pauni 65 na senti.

Ukipewa uamuzi usioukubali, omba upitiwe upya ndani ya mwezi mmoja. Ukikataliwa tena, kata rufaa kwenye baraza huru la rufaa, mwezi mmoja vile vile. Watu wengi wanachoka hatua ya kwanza.

La pili: kama hati yenu ni ya umiliki wa pamoja usiogawanyika, ukifa leo sehemu yako inaenda kwa mtalaka wako yenyewe, hata uwe umeandika wosia gani. Umeachana naye, halafu anakurithi. Unaweza kuvunja umiliki wa aina hiyo kwa kumpa notisi ya maandishi na kuandikisha kwenye daftari la ardhi, ili kila mtu awe na sehemu yake inayorithishwa. Ongea na wakili kwanza kuhusu hali yako.

---

Kisiwani

Hilo la pili sikulijua kabisa. Mimi ni Mwislamu, nimeandika wosia wangu kwa kufuata mirathi, nikijua watoto na mama yangu wamo. Kumbe nyumba imekaa nje ya wosia! Kesho asubuhi napiga simu.

---

Umm Swaleh

Nami niulize. Sisi tulifunga nikaha tu msikitini, hatukuandikisha serikalini. Nyumba ni ya majina mawili. Ameniacha talaka tatu kwa ujumbe wa simu. Nafuata njia gani?

---

Wakala wa Haki

Pole sana dada. Kwa upande wa UC haibadilishi kitu. Mlikuwa mnaishi kama mke na mume, sasa mmetengana, kwa hiyo vifungu vyote vya juu ni vyako.

Kwa upande wa nyumba inabadilisha sana. Nikaha iliyofanyika Uingereza bila kuandikishwa, sheria ya hapa haiitambui kuwa ndoa. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2020. Maana yake mahakama haiwezi kukugawia mali kwa sheria ya talaka ya mwaka 1973, inayoangalia mahitaji ya watoto na ya kila mwenza. Unabaki na kile kilichoandikwa kwenye hati, pamoja na sheria ya amana za ardhi ya mwaka 1996 ambayo kwayo unaweza kuomba mahakama iamuru nyumba iuzwe. Jina lako liko kwenye hati, mshukuru Mungu kwa hilo. Nimekutana na akina mama waliolipa mkopo miaka kumi na jina lao halimo popote.

Kama nikaha mlifunga Mombasa au Unguja na ilifuata sheria ya kule, hiyo ni habari tofauti, inaweza kutambulika hapa. Mwambie wakili ilifungwa wapi.

---

Bagamoyo Kwetu

Kiwanja cha nyumbani je? Nina ploti Bagamoyo, niliandikisha na mtalaka wangu tulipokuwa pamoja. Huku napanga. Hakuna anayejua.

---

Wakala wa Haki

Nalo linaingia. Mali iliyo nje ya Uingereza inahesabiwa kwa bei yake ya soko kule iliko. Kiwanja ambacho hujawahi kuishi hakina ile kinga ya nyumba ya kutengana. Mkiwa wawili, wanachukulia ni nusu kwa nusu mpaka ulete ushahidi tofauti.

Lakini usiogope kabla ya kupima. Toa asilimia 10 ya gharama, toa deni kama lipo. Ploti nyingi ambazo tunaziona mali kubwa, nusu yake haifiki pauni 6,000. Pata tathmini ya maandishi ya mthamini aliyesajiliwa Tanzania, ambatanisha na mkataba wa mauziano. Na kama jina lako limewekwa tu lakini fedha zilikuwa za mama yako na ardhi ni yake, hilo nalo linajengewa hoja, kwa ushahidi wa nani alilipa.

---

Bint Mwembe Tanga

Na mkopo wa benki? Akiacha kulipa?

---

MamaWawili

Benki haijui nani katoka. Inaweza kuwadai nyote wawili au mmoja wenu deni lote. Mimi alipokosa miezi miwili, barua ilikuja kwa jina langu. UC yangu inasaidia kodi ya hapa ninapopanga, haigusi mkopo wa kule. Nilipiga simu benki nikaeleza tumetengana, wakaandika kwenye faili, tukapanga.

Wewe ambaye upo ndani, ukiwa kwenye UC, uliza kuhusu mkopo wa serikali wa kulipia riba ya nyumba. Tangu 2018 si msaada wa bure tena, ni deni linaloshikiliwa kwenye nyumba, na unasubiri miezi 3 ya UC kabla ya kuupata.

---

Nuru

Samahani kuingilia. Mimi niko kwa visa ya mume, imeandikwa sina haki ya fedha za umma. Ananipiga. Jina langu liko kwenye nyumba. Nikitoka naomba nini?

---

MamaWawili

Nuru mdogo wangu, usiombe UC kabla ya kubadilisha masharti ya visa, itakugeukia. Lakini kuna njia iliyowekwa kwa ajili ya hali kama yako: kibali cha muda kwa wahamiaji walionyanyaswa na mwenza. Kinakupa miezi 3 na kinafungua mafao, wakati unaomba makazi ya kudumu kwa sababu ya unyanyasaji. Inategemea ni visa ya aina gani, kwa hiyo usijaze fomu peke yako. Shirika lolote la wanawake walionyanyaswa linaweza kukuunganisha na mshauri wa uhamiaji bila malipo. Nyumba haiendi popote, jina lako liko pale pale. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Nijibu ukiwa peke yako, na ufute baada ya kusoma.

Ukiona hatari sasa hivi, 999. Huhitaji visa kupiga namba hiyo.

---

Nuru

Nimeuona. Nitajibu akienda kazini.

---

Bint Mwembe Tanga

Nimefungua jonali usiku huu nikaandika kwamba tumetengana, tarehe, na kwamba nyumba ni ya wote wawili na bado tupo ndani. Mikono inatetemeka lakini nimebonyeza tuma.

---

MamaWawili

Piga picha ya skrini hapo hapo, tarehe na saa zionekane. Halafu ulale. Kesho tutaangalia watakachojibu.